Chanjo ya UVIKO-19 kwa wenye baridi yabisi: mambo ya kufahamu kwa wakaazi wa Jambiani na Kusini Unguja

Baridi yabisi ni maradhi ya kudumu ya viungo yanayotokea pale kinga ya mwili inapougeukia mwili wenyewe na kuushambulia. Kwa mujibu wa Shirika la Afya Duniani (WHO), mwaka 2019 watu wapatao milioni 18 duniani walikuwa wakiishi na maradhi hayo, na kiasi cha asilimia 70 kati yao ni wanawake. Tangu kuingia kwa UVIKO-19, wagonjwa hao wamekuwa na maswali ambayo mtu mwenye afya ya kawaida hana sababu ya kujiuliza: je, chanjo haitayaamsha maradhi yaliyotulia? Je, dawa wanazokunywa haziizuii chanjo kufanya kazi? Na ikiwa dawa inabidi isimamishwe, isimamishwe lini, kwa muda gani, na kwa idhini ya nani?

Maswali hayo yana uzito wa pekee katika ukanda wa kusini mashariki ya Unguja, ambako riziki ya mwanamke hutegemea vidole vyake.

Jambiani imo katika Wilaya ya Kusini, Mkoa wa Kusini Unguja, kiasi cha kilomita 55 kutoka Mjini, baina ya Paje kwa upande wa kaskazini na Makunduchi kwa upande wa kusini. Shehia zake za Kibigija na Kikadini zimetandaa kandokando ya pwani, mbele yake ikiwa bahari ya kina kifupi inayokupwa na kuacha eneo kubwa la mchanga. Eneo hilo ndilo shamba. Kilimo cha mwani kwa ajili ya biashara kilianza katika pwani hii mwaka 1989, na hadi leo sehemu kubwa ya wakulima wa mwani wa Zanzibar ni wanawake. Mkulima hukita vijiti mchangani, hutandika kamba, hufunga miche mmoja mmoja kwa vidole, na baada ya wiki kadhaa huvuna, hubeba mzigo uliojaa maji hadi nchi kavu na kuuanika. Kazi hiyo haingoji mtu apate nafuu, kwani maji ya bamvua yana siku zake.

Kabla ya mwani, na hata sasa pamoja nao, kuna kazi ya makumbi: maganda ya nazi hufukiwa mchangani kwa miezi, hufukuliwa, hupigwa kwa kigongo hadi kutoa usumba, kisha usumba husokotwa kamba kwa viganja viwili. Kuna pia kusuka ukili. Kazi zote hizo zinafanywa na viungo vile vile ambavyo baridi yabisi huanza navyo, yaani maungio madogo ya vidole na vifundo vya mikono. Mwanamke ambaye asubuhi hawezi kukunja ngumi hawezi kufunga mche wa mwani. Kwa sababu hiyo, dawa inayomwezesha kukunja ngumi haichezewi, na ushauri wowote wa kumtaka aisimamishe, hata kwa wiki mbili tu, una gharama inayohesabika kwa kilo za mwani.

Jina linalopoteza

Jina la maradhi haya lenyewe limesababisha kutoelewana kwingi. Neno "yabisi" limetoka katika Kiarabu na maana yake ni kavu. "Baridi yabisi" ni lugha ya tiba ya kale iliyogawa hali za mwili baina ya joto na baridi, ukavu na unyevu. Kutokana na jina hilo, wengi huamini kuwa maradhi huletwa na baridi, na wanawake wa mwani huambiwa kuwa wameyapata kwa kusimama majini. Kusimama majini kwa saa nyingi na kuinama kwa muda mrefu huchosha mgongo na magoti na kunaweza kuzidisha maumivu yaliyopo, lakini si chanzo cha baridi yabisi. Chanzo kimo katika kinga ya mwili. Urithi una mchango wake, na uvutaji wa sigara ni miongoni mwa mambo yanayojulikana kuongeza uwezekano wa kuyapata.

Jina hilo hilo hutumika mitaani kwa kila maumivu ya viungo, jambo ambalo linaleta taabu zaidi. Mzee mwenye magoti yaliyochakaa kwa umri, kijana mwenye jongo la kidole gumba cha mguu, na mama mwenye baridi yabisi ya kweli, wote husema wana "baridi". Watatu hao hawana maradhi mamoja, hawatumii dawa moja, na katika suala la chanjo hawako katika kundi moja. Mwenye magoti yaliyochakaa hapunguziwi kinga na maradhi yake wala na dawa zake za maumivu. Ushauri wa chanjo kwake ni ule ule wa watu wa umri wake. Maelezo yanayofuata yanamhusu mgonjwa wa baridi yabisi hasa.

Dalili zake ni kuvimba na kuuma kwa viungo vidogo vya mikono na miguu, kwa kawaida pande zote mbili kwa pamoja, na kukakamaa kwa viungo asubuhi kwa zaidi ya nusu saa, mara nyingi saa nzima au zaidi. Uchovu ni sehemu ya maradhi, si uvivu. Daktari hutumia historia ya mgonjwa, uchunguzi wa viungo na vipimo vya damu. Kipimo kimoja pekee hakitoshi, kwa kuwa kile kilicho maarufu zaidi huweza kuonesha matokeo chanya hata kwa mtu mwenye maambukizi mengine ya muda mrefu.

Katika pwani ya Afrika Mashariki kuna sababu nyengine ya kuchunguza kwa makini. Homa ya chikungunya, inayoenezwa na mbu aina ya Aedes, huacha maumivu na uvimbe wa viungo unaoweza kudumu miezi na kufanana mno na baridi yabisi. Jina la homa hiyo ni la Kimakonde, lenye maana ya kujikunja, na liliingia katika vitabu vya tiba duniani baada ya mripuko uliotokea kusini mwa Tanganyika mwaka 1952. Mwaka 2004 homa hiyo ilizuka Lamu na Mombasa, na mwaka uliofuata ikavifikia visiwa vya Ngazija. Mgonjwa aliyepata homa kali kwanza na viungo baadaye amueleze daktari mfuatano huo, kwa sababu unaweza kubadilisha jina la maradhi na dawa zake.

Kwa nini UVIKO-19 ni hatari zaidi kwa baadhi yao

Mgonjwa wa baridi yabisi ambaye maradhi yake yametulia na anatumia dawa nyepesi hayuko mbali sana na mtu wa kawaida kwa kiwango cha hatari. Tofauti inaletwa na mambo matatu: maradhi yaliyochachamaa, maradhi mengine yaliyoambatana nayo kama vile sukari, shinikizo la damu na mapafu, na aina ya dawa.

Mwezi Machi 2020 madaktari wa viungo wa nchi mbalimbali waliungana kukusanya taarifa za wagonjwa wao waliopata UVIKO-19. Uchambuzi wao wa mwanzo, uliohusu wagonjwa 600 kutoka nchi 40, ulibaini kuwa waliokuwa wakitumia prednisoloni kwa kiwango cha miligramu 10 au zaidi kwa siku walikuwa na uwezekano wa kulazwa hospitali takriban maradufu ya wale wasiotumia dawa hiyo. Taarifa za baadaye zilionesha kuwa waliokuwa wakitumia rituksimabu, dawa inayoziondoa chembe zinazotengeneza kinga ya damu, walipata matokeo mabaya zaidi kuliko wengi wa wenzao.

Habari ya prednisoloni inapaswa kusikilizwa kwa makini visiwani na bara. Rituksimabu ni dawa ghali ya hospitali kubwa na wachache wanaipata. Prednisoloni na deksamethasoni ni vidonge vya bei nafuu ambavyo watu hununua dukani bila cheti cha daktari, na mara nyengine huvinywa kwa miaka kwa sababu vinatuliza maumivu haraka. Mtu wa namna hiyo anaweza kuwa na kinga iliyopungua bila ya yeye mwenyewe kujua, wala kujihesabu kuwa ni mgonjwa. Anapofika kituoni kuchanjwa akiulizwa iwapo anatumia dawa yoyote, jibu lake huwa ni "dawa za maumivu tu". Ni vyema aende na vidonge vyenyewe, au karatasi yake, ili muhudumu avione. Wala asiviache ghafla kwa hofu, kwani mwili uliozoea dawa hiyo kwa muda mrefu huacha kutengeneza homoni yake wenyewe, na kuikata kwa siku moja kunaweza kumuangusha mtu.

Ipo sura ya ajabu katika uhusiano wa maradhi haya mawili. Dawa kadhaa za baridi yabisi ziligeuka kuwa tiba ya UVIKO-19 yenyewe, au zilidhaniwa hivyo. Haidroksiklorokwini, ndugu wa klorokwini waliyoizoea wazee kwa malaria, ilipewa sifa kubwa mwanzoni mwa mwaka 2020 hadi ikaadimika katika nchi nyingi na wagonjwa wa viungo wakaikosa. Mwezi Juni mwaka huo jaribio kubwa la Uingereza lilionesha kuwa haiwasaidii wagonjwa wa UVIKO-19 waliolazwa. Jaribio hilo hilo lilibaini kuwa deksamethasoni inapunguza vifo vya wagonjwa wanaohitaji oksijeni, na mwezi Februari 2021 likaonesha faida ya tosilizumabu, dawa iliyokuwa ikitumiwa kwa baridi yabisi. Mwezi Januari 2022 WHO ilipendekeza kwa mkazo barisitinibu, nayo pia dawa ya viungo. Sababu ni kwamba katika hatua za mwisho za UVIKO-19 kinachomdhuru mgonjwa ni kinga yake iliyopita kiasi, jambo ambalo mwenye baridi yabisi analifahamu vidoleni mwake. Hata hivyo, kutuliza kinga kwa mtu aliyekwisha kuzidiwa hospitali ni jambo moja, na kuwa na kinga iliyopungua siku ya kwanza ya kuambukizwa ni jambo jengine kabisa.

Safari ya chanjo nchini

Kisa cha kwanza cha UVIKO-19 Tanzania Bara kilitangazwa tarehe 16 Machi 2020, na cha kwanza Zanzibar siku mbili baadaye. Skuli zilifungwa, safari za ndege za watalii zikasita, na hoteli za Jambiani, Paje na Bwejuu zikabaki na walinzi. Familia nyingi za pwani zilirudi kuutegemea mwani na dagaa kwa miezi kadhaa.

Baada ya kuapishwa tarehe 19 Machi 2021, Rais wa Jamhuri ya Muungano wa Tanzania, Mheshimiwa Samia Suluhu Hassan, aliunda kamati ya wataalamu kuishauri Serikali kuhusu ugonjwa huo. Tanzania ilijiunga na mpango wa kimataifa wa COVAX, na tarehe 24 Julai 2021 ilipokea dozi 1,058,400 za chanjo ya Janssen. Siku nne baadaye, tarehe 28 Julai, Rais alizindua uchanjaji Ikulu, Dar es Salaam, kwa kuchanjwa mbele ya wananchi. Makundi ya mwanzo yaliyopewa nafasi yalikuwa ni watumishi wa afya, watu wenye umri wa kuanzia miaka 50 na wenye maradhi sugu. Baridi yabisi ikiwa ni maradhi sugu, wagonjwa wake walikuwa na haki ya kuchanjwa tangu siku za mwanzo, ingawa si wote waliolifahamu hilo. Mbali na Janssen, chanjo zilizokubaliwa kutumika nchini zilikuwa ni Sinopharm, Sinovac, Pfizer na Moderna.

Zanzibar, ambayo huendesha sekta yake ya afya kupitia Wizara yake, iliendesha uchanjaji chini ya Serikali ya Mapinduzi inayoongozwa na Rais Dkt. Hussein Ali Mwinyi, ambaye kitaaluma ni daktari. Kwa vijiji vilivyo mbali na Mji, aina ya chanjo ilikuwa na umuhimu wa kivitendo. Sinopharm na Sinovac huhifadhiwa katika friji ya kawaida ya chanjo, yenye nyuzi joto 2 hadi 8, na Janssen huweza kukaa humo kwa miezi. Pfizer huhitaji kuhifadhiwa kwa muda mrefu katika baridi ya nyuzi takriban 70 chini ya sifuri kabla ya kupelekwa vituoni. Janssen ilikuwa na faida nyengine ya kutolewa dozi moja, jambo lililomfaa mtu anayelazimika kupanda gari namba 309 kila anapotaka huduma ya Mjini.

Mwaka 2022 ilijitokeza sababu mpya ya kuchanja. Saudi Arabia ilifungua tena Hijja kwa mahujaji kutoka nje kwa sharti la kukamilisha chanjo na kuwa na umri usiofikia miaka 65. Wapo waliochanja kwa ajili ya safari hiyo ambao wasingechanja kwa ajili ya maradhi.

Je, chanjo huamsha baridi yabisi?

Hii ndiyo hofu kuu, na haifai kupuuzwa kana kwamba ni uvumi. Mgonjwa anayeambiwa kuwa kinga yake imekosea adui, kisha akaambiwa achome sindano ya kuiamsha kinga, ana haki ya kuuliza.

Jibu limepatikana kwa kuwafuatilia watu. Daftari la taarifa lililofunguliwa na madaktari wa viungo wa Ulaya lilikusanya habari za watu 5,121 kutoka nchi 30 waliochanjwa, wengi wao wakiwa na maradhi ya viungo ya aina ya baridi yabisi. Kati ya wenye maradhi hayo, asilimia 4.4 walipata kuchachamaa kwa maradhi baada ya chanjo, na waliochachamaa vikali hawakufika mmoja katika kila mia moja. Walikuwa asilimia 0.6. Maumivu ya mkono, homa ya siku moja au mbili, uchovu na maumivu ya mwili ni mambo ya kawaida kwa kila anayechanjwa, na kwa mgonjwa wa viungo ni rahisi kuyadhania kuwa ni maradhi yamerudi. Yanayopita ndani ya siku chache ni ya chanjo. Uvimbe unaobaki kwenye vidole baada ya wiki ni jambo la kumuona daktari.

Madhara makubwa yapo, nayo ni nadra: kuganda kwa damu kusiko kwa kawaida baada ya Janssen, na uvimbe wa misuli ya moyo baada ya Pfizer na Moderna, hasa kwa vijana wa kiume. Hakuna kati ya hayo lililoonekana kumhusu mgonjwa wa baridi yabisi kuliko mwengine. Kizuizi cha kweli cha kuchanjwa ni kuwahi kupata mzio mkali kutokana na dozi iliyopita au kwa kiambato kimojawapo cha chanjo.

Wala hakuna kirusi hai cha korona katika chanjo yoyote kati ya tano zilizotajwa. Sinopharm na Sinovac zina kirusi kilichouawa. Pfizer na Moderna zina maelekezo tu ya kutengeneza protini moja ya kirusi. Janssen imebeba maelekezo hayo ndani ya kirusi chengine kilichoondolewa uwezo wa kuzaana. Hivyo, kupungua kwa kinga hakuwezi kuifanya chanjo igeuke maradhi. Tatizo la kinga iliyopungua liko upande wa pili: chanjo inaweza isishike vya kutosha.

Dawa na siku ya sindano

Dawa ya msingi ya baridi yabisi duniani kote ni methotrekseti, vidonge vinavyonywewa mara moja kwa wiki. Ikumbukwe: mara moja kwa wiki. Kuinywa kila siku kwa makosa kumewahi kusababisha vifo katika nchi mbalimbali. Dawa hii hupunguza uwezo wa mwili kuijibu chanjo, ingawa hauondoi kabisa.

Mwezi Februari 2021 chama cha madaktari wa viungo cha Marekani kilitoa mwongozo wa mwanzo uliopendekeza kusimamisha methotrekseti kwa muda mfupi baada ya chanjo kwa wale ambao maradhi yao yametulia. Ulikuwa ni ushauri wa busara uliotolewa wakati ushahidi ukiwa haba. Ushahidi ulikuja mwaka 2022 kutokana na jaribio lililofanyika Uingereza kwa watu 254 waliokuwa wakitumia dawa hiyo na kupokea dozi ya nyongeza. Nusu yao waliendelea na dawa. Nusu walisimama kwa wiki mbili mara baada ya sindano. Baada ya wiki nne, kinga ya damu ya waliosimamisha ilikuwa zaidi ya maradufu ya wenzao. Lakini pia waliochachamaa viungo walikuwa wengi zaidi katika kundi hilo, ijapokuwa wengi waliweza kujimudu wenyewe bila kulazwa.

Matokeo hayo yanaonesha faida na hasara kwa pamoja, na ndiyo maana uamuzi hauwezi kutolewa kwa tangazo la redio. Kwa mwanamke ambaye maradhi yake yametulia kwa mwaka mzima, kusimama wiki mbili kunaweza kuwa na maana, hasa kama ana umri mkubwa au sukari. Kwa yule ambaye vidole vyake vimetulia juzi baada ya miezi ya taabu, na msimu wa mavuno umekaribia, kuendelea na dawa na kuchanja vivyo hivyo ni bora kuliko kuahirisha chanjo au kuyaamsha maradhi. Kinga nusu ni bora kuliko hakuna. Muda unaozungumzwa ni baada ya sindano, si kabla, na haupiti wiki mbili. Wapo wanaosimama na wasirudi tena kwenye dawa, na hao hupoteza vidole.

Haidroksiklorokwini haisimamishwi. Prednisoloni nayo haisimamishwi. Kwa anayetumia rituksimabu, muda ndio kila kitu: chanjo hupangwa kiasi cha wiki nne kabla ya mzunguko unaofuata wa dawa, na daktari anayeitoa ndiye mwenye kupanga. Dawa za maumivu kama parasetamoli na diklofenaki ni bora zisinywewe katika saa 24 kabla ya sindano ikiwa mgonjwa anaweza kuvumilia, lakini baada ya sindano, homa ikija, hakuna ubaya wa kuzitumia.

Kwa sababu ya kushika kidogo kwa chanjo, mwezi Oktoba 2021 jopo la wataalamu wa chanjo wa WHO lilipendekeza watu wenye kinga iliyopungua kwa kiwango cha kati au kikubwa wapewe dozi moja zaidi kama sehemu ya chanjo yao ya msingi. Kwa maana hiyo, aliyechomwa Janssen mara moja mwaka 2021 huku akitumia prednisoloni nyingi hakuwa amekamilisha, hata kama kadi yake ilisema hivyo.

Baada ya dharura kumalizika

Tarehe 5 Mei 2023 WHO ilitangaza kuwa UVIKO-19 si tena dharura ya afya ya kimataifa. Kirusi hakikuondoka. Mwongozo wa chanjo uliorekebishwa mwezi Machi mwaka huo uliwaweka wazee, wajawazito, watumishi wa afya na wenye kinga iliyopungua katika kundi la kwanza, huku wenye kinga iliyopungua na wazee wakishauriwa dozi ya nyongeza miezi 6 au 12 baada ya dozi ya mwisho. Kijana mwenye afya anaweza kuona kuwa jambo limekwisha. Mwenye baridi yabisi anayetumia dawa za kupunguza kinga bado yumo katika kundi linalohesabiwa.

Kwa wakaazi wa Jambiani, mahala pa kuanzia ni kituo cha afya cha kijiji, kisha Hospitali ya Makunduchi, au Hospitali ya Wilaya ya Kitogani ambayo ni miongoni mwa zilizojengwa kwa fedha za mpango wa mapambano dhidi ya UVIKO-19. Mabingwa wa maradhi ya viungo ni wachache mno nchini, na rufaa ya jambo hilo huelekea Hospitali ya Mnazi Mmoja. Katika hali hiyo, muhudumu wa kituo cha kijiji ndiye atakayekuwa mshauri wa mwanzo na mara nyingi wa pekee. Mgonjwa amrahisishie kwa kumpelekea kadi ya chanjo, jina la kila dawa pamoja na kiwango chake, na tarehe ya dozi ya mwisho ya methotrekseti.

Akipatwa na UVIKO-19 pamoja na kuwa amechanjwa, mgonjwa awahi kituoni siku za mwanzo. Kwa kawaida methotrekseti husimamishwa hadi apone, na prednisoloni huendelea. Kujifukiza kunaweza kumpa nafuu ya pua iliyoziba. Hakuchukui nafasi ya kupimwa wala ya oksijeni, na mvuke wa chungu umewahi kuunguza wengi.

Jambo moja la mwisho huchanganywa mara kwa mara na linaweza kudhuru. Chanjo ya homa ya manjano, ambayo wasafiri wengi wa Zanzibar hutakiwa kuwa na kadi yake, ina kirusi hai kilichodhoofishwa. Haifanani na chanjo ya UVIKO-19. Mgonjwa wa baridi yabisi anayetumia dawa zinazopunguza sana kinga hatakiwi kuchomwa chanjo hiyo, vivyo hivyo ya surua, kabla ya kumuona daktari. Anapolazimika kusafiri, daktari anaweza kumuandikia cheti cha kimatibabu cha msamaha, ingawa ni juu ya nchi anayokwenda kukikubali, na ni vyema aulize kabla ya kukata tiketi.